Sifuri Isiyo ya Kweli: Jinsi ya Kutafuta Mahali Namba Ilipozama

Kompyuta ikizidiwa na namba kubwa, mara nyingi hupiga kelele. Iulize Python `math.exp(1000)`, yaani namba e (2.718...) kwa kipeo cha 1000, itakugomea hapo hapo kwa OverflowError. Iulize `math.exp(-1000)`, itakujibu 0.0 bila onyo lolote na kazi itaendelea. Jibu la kweli ni namba yenye sifuri 434 baada ya nukta kabla hujaiona tarakimu ya kwanza. Hapakuwa na mahali pa kuiandika, basi ikazama.

Ugumu wa kosa hili ni kwamba dalili hujitokeza mbali na chanzo. Sifuri inazaliwa mstari wa 40, programu inaanguka mstari wa 900, na mtu anakesha akichunguza mstari wa 900. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa kufuata dalili, yaani kile unachokiona kwenye skrini, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kwanza, ujue mizani unayotumia

Mizani ya bucha haioni uzito wa punje ya mchele. Ya sonara inauona. Kabla hujailaumu hesabu, ujue namba zako umezipima kwenye mizani gani.

Namba ya biti 64, ambayo ndiyo `double` ya C na Java, `float` ya Python na namba ya kawaida ya JavaScript, ina biti 1 ya alama, 11 za kipeo (zinazobeba ukubwa wa namba) na 52 za tarakimu. Inashuka ikiwa na nguvu zake zote hadi takriban 2.2e-308, yaani 2.2 mara 10 kwa kipeo cha -308. Chini ya hapo haifi mara moja. Kipeo kimefika mwisho, hivyo inaanza kula tarakimu zake yenyewe, biti baada ya biti, hadi inapofika 4.9e-324 ikiwa imebakiwa na biti moja tu. Namba za eneo hilo la mwisho nitaziita namba dhaifu: bado zipo, ila kadiri zinavyoshuka ndivyo usahihi wake unavyopungua. Kwa biti 32 mipaka hiyo miwili ni 1.2e-38 na 1.4e-45. Kwa biti 16 za kawaida (float16), zinazotumika sana siku hizi kufundishia modeli za akili bandia, ni 6.1e-5 na 6e-8, na hapo ni karibu mno kuliko wengi wanavyodhani.

Fungua Python ujionee mwenyewe:

```
>>> 3e-324
5e-324
>>> 2e-324
0.0
>>> 5e-324 * 1.4
5e-324
```

Umeandika 3, imekurudishia 5. Umeandika 2, imekupa sifuri. Ukaongeza asilimia 40, hakuna kilichobadilika. Pale chini kabisa ngazi ni moja tu, na kila kitu lazima kikanyage juu yake au kianguke.

Dalili: jibu ni 0.0, na una hakika halipaswi kuwa sifuri

Hii ndiyo inayowapata wengi, na karibu kila mara chanzo ni mlolongo wa kuzidisha.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa anaunda kichujio cha zile jumbe za kitapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Njia yake ilikuwa sahihi kabisa: kila neno lina uwezekano wake wa kutokea kwenye ujumbe wa kitapeli, na uwezekano wake wa kutokea kwenye ujumbe wa kawaida. Zidisha uwezekano wa maneno yote kwa kila upande, halafu linganisha. Akaniambia, "Kaka, fupi inazikamata zote. Ndefu zote inasema ni salama."

Maneno hayo yalitosha kuonyesha ugonjwa. Tuseme kila neno lina uwezekano wa 0.0001. Ujumbe wa maneno 25 unafika 1e-100, na biti 64 hazina shida nayo. Kwenye neno la 77 namba inaingia eneo la udhaifu. Kwenye neno la 81 inazama. Ujumbe wa maneno 100 ulipaswa kuwa 1e-400 upande mmoja na labda 1e-406 upande wa pili, yaani tofauti ya mara milioni moja, lakini kompyuta inaona 0.0 na 0.0. Msimbo wake ulisema "kama utapeli ni mkubwa kuliko kawaida, zuia". Sifuri si kubwa kuliko sifuri, basi ujumbe unapita.

Ukiona kosa linategemea urefu wa data, fupi sawa na ndefu mbaya, anzia hapa.

Kabla ya kutibu, thibitisha. Chapisha kizidishi kidogo kuliko vyote. Kama kimoja kati ya hivyo ni 0.0 tangu mwanzo, basi namba haikuzama: una neno ambalo halijawahi kuonekana kwenye data ya mafunzo, na hilo ni tatizo jingine lenye dawa yake, kuongeza moja kwenye kila hesabu ya maneno. Kama vizidishi vyote ni vikubwa kuliko sifuri na zao lake ni sifuri, basi imezama.

Dawa ni logi. Waliosoma kwa vitabu vya majedwali wanakumbuka: logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Badala ya kuzidisha 0.0001 mara mia, jumlisha `math.log(0.0001)` mara mia, upate -921.03. Namba ya kawaida kabisa. Upande wa pili ukitoka -934.60, unalinganisha hizo mbili moja kwa moja bila kurudi kwenye uwezekano.

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa mara ya pili. Wanataka kumwonyesha mtumiaji asilimia, hivyo wanafanya `exp(-921.03)` na `exp(-934.60)` ili wagawanye. Zote mbili zinazama tena, na sifuri kwa sifuri haigawanyiki. Toa kwanza iliyo kubwa: tofauti yake ni 13.57, na `1 / (1 + math.exp(-13.57))` inakupa 0.9999987. Zikiwa pande nyingi, toa kubwa kuliko zote kutoka kwa kila moja, kisha piga `exp`, jumlisha, chukua logi, halafu rudisha ile kubwa uliyoitoa. SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, inayo tayari kwa jina la `logsumexp`. Itumie, usiandike ya kwako.

Kuna dawa ya uongo ambayo naikuta kila mahali: kujumlisha 1e-10 kwenye kila kitu ili "kuepuka sifuri". Hiyo inaficha maradhi. Namba yako halisi ni 1e-400. Ukiongeza 1e-10 umefuta kila ulichokihesabu na kuweka namba uliyoiokota barabarani. Programu itaacha kulalamika, na majibu yatakuwa mabaya kimya kimya.

Dalili: urefu au umbali unatoka sifuri

Hii ni ndugu wa ile ya juu, ila hapa inatosha kuzidisha mara moja. Pembetatu yenye pande 3e-200 na 4e-200 ina upande mrefu wa 5e-200, hesabu ya darasani. Lakini ukiandika `math.sqrt(x*x + y*y)`, mraba wa kila upande ni kama 1e-399, unazama, na jibu linakuwa 0.0. Mwanzo ulikuwa salama, mwisho ungekuwa salama, kilichoua ni hatua ya katikati. Andika `math.hypot(x, y)`.

Wanafunzi wa fizikia wanakutana nayo mapema zaidi wakitumia biti 32. Namba isiyobadilika ya Boltzmann, inayounganisha joto na nishati, ni 1.380649e-23, na mraba wake, 1.9e-46, uko chini ya sakafu. Na kwenye Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kujifunzia, matoleo hadi R3, kuandika `double` hakukuokoi, kwa sababu pale `double` ni biti 32 sawa na `float`. Badili vipimo: fanya kazi kwa elektronivolti na nanomita, namba zote zirudi karibu na moja. Wanafizikia walibuni vipimo hivyo kwa sababu nzuri.

Vivyo hivyo kwa wanaopima kama matriki ina kinyume kwa kuangalia ditaminanti, ile namba moja inayotakiwa kuwa sifuri pale tu kinyume kinapokosekana. Matriki ya 400 kwa 400 yenye 0.1 kwenye ulalo wake na sifuri kwingineko ina kinyume rahisi kuliko vyote, lakini ditaminanti yake ni 1e-400, na kompyuta itasema sifuri. Tumia `slogdet` ya NumPy, maktaba nyingine ya Python, inayorudisha alama na logi.

Dalili: umegawanya kwa sifuri ingawa uliangalia

Umeandika kwa uangalifu: kama `x != y`, basi gawanya kwa `x - y`. Bado inaanguka. Unajiuliza, namba mbili tofauti zikitolewa zitapataje kuwa sifuri?

Kwa kanuni za IEEE 754, kiwango kinachofuatwa na kompyuta karibu zote katika hesabu za namba zenye nukta, haziwezi, na hiyo ndiyo kazi ya namba dhaifu. Chukua x ikiwa 4e-308 na y ikiwa 3e-308. Tofauti ni 1e-308, iko chini ya mpaka wa namba zenye nguvu, lakini kama namba dhaifu inaishi. Ondoa namba dhaifu, tofauti inakuwa sifuri, na ulinzi wako umevunjika.

Jambo hili lilipiganiwa. William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyesukuma kanuni hii ya kushuka polepole wakati kiwango kinaandaliwa. Kampuni ya DEC, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta, ilipinga, ikisema itaelemea mashine. DEC yenyewe ikamwomba mtaalamu wa hesabu za kompyuta, G. W. Stewart, aichunguze, mwaka 1981 akatoa jibu kwamba Kahan yuko sahihi. Kiwango kikapitishwa mwaka 1985, na Kahan akapewa Tuzo ya Turing ya 1989. Kila unapoandika `x != y` ukaamini, unaegemea kazi ya watu hao.

Basi kwa nini bado imeanguka kwako? Mara nyingi kuna mtu aliyezima namba dhaifu. Prosesa za Intel na AMD zina swichi mbili kwa ajili hiyo: FTZ, inayofanya jibu dhaifu kuwa sifuri, na DAZ, inayosoma ingizo dhaifu kama sifuri. Ukiunganisha programu kwa GCC, kile kikusanyaji cha msimbo wa C, ukiwa na `-ffast-math`, zinawashwa. Kibaya zaidi, kabla ya GCC 13 hata maktaba ya pamoja iliyotengenezwa kwa chaguo hilo ilikuwa inawasha swichi mara tu inapopakiwa, hivyo programu yako safi inaharibiwa na maktaba ya mtu mwingine. Kipimo ni cha mstari mmoja, kifanye baada ya kupakia maktaba zako zote:

```
>>> 2.3e-308 / 2
```

Ukipata 1.15e-308, swichi zimezimwa na uko salama. Ukipata 0.0, anza kuondoa maktaba moja moja hadi umpate mhusika. Hii pia ndiyo sababu ya kawaida ya msimbo mmoja kutoa majibu tofauti kwenye mashine mbili. Kwa CUDA, yaani programu za kadi za picha za NVIDIA, angalia `--use_fast_math`. Simu za zamani za ARM za biti 32 zinafuta namba dhaifu daima katika hesabu za NEON. Excel haizijui kabisa: chini ya 2.2251E-308 inaandika 0. PostgreSQL, ile hifadhidata, ina msimamo ninaoupenda. Ikizidisha namba mbili zisizo sifuri na jibu likazama, inakataa kwa hitilafu.

Tahadhari moja hata pale kila kitu kiko sawa: namba dhaifu ikiwa chini ya takriban 5.6e-309, moja gawanya kwa hiyo inavuka juu na kuwa `inf`, yaani isiyo na mwisho. Ukiona `inf` isiyo na maelezo, chungulia kigawanyo.

Dalili: programu inakuwa nzito pale kazi inapoisha

Mafundi wa sauti wanaijua. Muziki unapigwa, prosesa imetulia. Mpigaji anaacha kinanda, mwangwi unafifia, spika ziko kimya, na ghafla feni inaanza kunguruma. Mtu anatarajia kimya kiwe kazi rahisi kuliko sauti.

Tazama kinachotokea. Kichujio cha mwangwi huchukua sampuli iliyopita na kuizidisha kwa, tuseme, 0.99, sampuli 44,100 kwa sekunde. Kwa biti 32, sauti iliyoanzia 1.0 inaingia eneo la udhaifu baada ya sampuli takriban 8,700, yaani moja ya tano ya sekunde. Prosesa nyingi za Intel hazihesabu namba dhaifu kwenye njia yao ya haraka. Huomba msaada wa ndani unaoweza kugharimu zaidi ya mizunguko 100 kwa hesabu iliyopaswa kuchukua mizunguko michache.

Utasema, basi zitashuka hadi sifuri na mzigo utaisha. Haziishi. Pale chini namba inahesabika kwa ngazi nzima za 1.4e-45. Ngazi 51 mara 0.99 ni 50.49, inakatwa kuwa 50. Ngazi 50 mara 0.99 ni 49.5 na chembe kidogo, inapandishwa kuwa 50 tena. Na tena. Mwangwi umekwama kwenye 7e-44, hausikiki na hafi mtu kwa ajili yake, lakini unakula prosesa hadi uzime programu.

Hapa, na hapa tu kati ya yote niliyoyataja, kuwasha FTZ na DAZ ni dawa halali. Sikio halitambui 1e-38. Ziwashe ndani ya uzi wa sauti peke yake, na uzirejeshe ukitoka, usije ukamwachia mwenzio lile tatizo la kugawanya. Anayetumia JUCE, maktaba ya kutengenezea programu za sauti, ana `ScopedNoDenormals` inayofanya hivyo. Kama huwezi kugusa swichi, ongeza 1e-20 kwenye mzunguko wa kichujio. Ni ndogo mno kusikika, ni kubwa mno kuwa dhaifu.

Watu wa mifano ya joto, hewa na maji nao hukutana nayo, pale joto linapoenea polepole kwenye gridi iliyojaa sifuri. Maradhi ni yale yale, ila kwao uzito unakuja mwanzoni: hatua za mwanzo nzito, kisha wepesi unarudi kadiri gridi inavyojaa namba za kweli.

Dalili: modeli imeacha kujifunza

Umehama kutoka biti 32 kwenda 16 ili kuokoa kumbukumbu. Hasara, yaani kipimo cha makosa ya modeli, inashuka kidogo, kisha inakwama, au inageuka `nan` ("si namba").

Chapisha gradienti, zile namba zinazoelekeza kila uzito wa modeli usahihishwe kiasi gani, na uhesabu ngapi ni sifuri kamili. Kwa biti 16, chochote chini ya takriban 3e-8 kinakuwa sifuri. Dawa ni kuzidisha hasara kabla ya kurudi nyuma, kisha kugawanya gradienti kabla ya kusahihisha uzito. `GradScaler` ya PyTorch, maktaba ya kufundishia modeli, hufanya hivyo na huanza na kizidishi cha 65,536. Gradienti ya 1e-8 inakuwa 6.6e-4 na inapita salama. Ikija `nan`, angalia ile 1e-8 ambayo Adam, njia maarufu ya kusahihisha uzito, huiweka kwenye kigawanyo ili kisiwe sifuri: ukiihifadhi kwa biti 16, yenyewe ni sifuri. Mlinzi amezama kabla ya anayelindwa. Weka uzito na hesabu za Adam kwa biti 32, au hamia bfloat16, aina nyingine ya biti 16, ambayo ina kipeo kipana kama cha biti 32.

Zinazofanana lakini si hizi

`1 + 1e-17` inakupa 1.0. Hapo hakuna kilichozama. 1e-17 iko salama kabisa ikiwa peke yake. Imemezwa na moja, kwa sababu tarakimu za biti 64 zinafika 16 hivi tu. Dawa yake ni `log1p`, `expm1`, au kujumlisha kuanzia ndogo kwenda kubwa.

`-0.0` kwenye ripoti inaweza kuwa namba hasi iliyozama, inaweza pia kuwa -0.001 uliyoichapisha kwa tarakimu mbili. Chapisha namba nzima kwa `repr` ujue ni ipi.

Ya mwisho iliniuma mwenyewe. Niliwatengenezea kikundi kimoja cha akiba na mikopo hesabu ya riba ya kila siku, asilimia 3 kwa mwaka, na nikahifadhi riba kwenye safu ya namba kamili kwa sababu senti hazitumiki tena mikononi. Mwenye shilingi 5,000 anapata 0.41 kwa siku. Safu ikaandika 0. Kesho yake 0. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kila haba ilikuwa inamwagwa kabla ya kufika kwenye kibaba. Nilipopiga hesabu niligundua kwamba kila mwenye akiba ya shilingi 6,083 kushuka chini hakupata hata shilingi moja mwaka mzima, huku wenye nyingi wakipata karibu yote. Waliozama walikuwa wenye kidogo kuliko wote. Nilibadili safu kuwa `NUMERIC(18,6)`, nikaweka ukataji wa senti siku ya malipo tu, kisha nikarudia hesabu ya siku zote 365. Yule wa 5,000 alikuwa anadai shilingi 150, na akalipwa.